Faili la Mzee Waya

Uko wapi wewe? Nimejifungia stoo ya maabara, nalia.

Unalikumbuka lile faili aliloliacha Mzee Waya, fundi wetu wa kompyuta, kwenye seva? Lile linaloizuia programu ya majibu ya vipimo vya wagonjwa isijiwashe mpaka diski inayoyahifadhi iwe tayari? Leo nimelifuta. Mimi! Tena mbele ya bosi, najigamba eti "haya mambo ya kizamani, programu ina mipangilio yake."

Nikazima seva, nikawasha. Programu ikakurupuka kabla ya diski. Majibu yote hayaonekani. Yote! Wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi, daktari ananitazama tu.

Nikafungua nakala ya lile faili. Juu kabisa Mzee kaandika: "Usiguse. Ukishagusa, nipigie." Na namba yake.

Nikapiga. Haki ya Mungu nikapiga, kana kwamba hatukumzika mwezi uliopita!

Ikaita. Ikapokelewa. Nikaropoka, "Mzee, nimeharibu!"

Ikajibu sauti ya mkewe, polepole: "Mwanangu, Mzee hayupo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaomba radhi weee, mpaka akanikatiza: "Usilie. Aliniambia simu yake nisiizime, vijana wa kazini watapiga. Naichaji kila siku. Wewe ndiye wa kwanza."

Wa kwanza!

Faili nimelirudisha, majibu yanatoka. Lakini mwezi mzima ile simu ina chaji, na hakuna hata mmoja wetu aliyepiga kumjulia hali yule mama.