Uso Mmoja Kanisani

Kambini, Boito
Juni 1936

Kaka yangu Kepher,

Sisi wazima. Mvua haitaki kwisha, na chai inamea upesi kuliko tunavyochuma. Baba ametangaza kiwandani kote kwamba umeshinda mdahalo huko chuoni Makerere.

Mimi nilishika lile uliloandika, kwamba ulipotetemeka ulichagua uso mmoja ukaongea na huo tu.

Baada ya Pasaka, mwalimu wa darasa la jioni la kusoma la wachumaji alihama. Mchungaji akasema nifundishe somo moja mbele ya kanisa, nikishindwa darasa lifungwe. Jumapili nikasimama. Thuo mwenye duka akasema, "Huyu hata salamu hajibu, atafundisha nani?" Watu wakacheka. Nikachukua chaki, nikaenda kwenye ubao.

Ndipo nikamtafuta Mama kule nyuma. Nikaandika "ma", nikamwuliza yeye tu, "Hii ni nini?"

Akatikisa kichwa. Nikamsomea, akairudia. Nikaandika "ma" nyingine kando ya hiyo.

"Ma... ma," akasoma polepole. Kisha akaruka, "Mama! Kumbe ni mimi!"

Kanisa zima likapiga makofi, hata Thuo. Darasa halikufungwa, na sasa naitwa Mwalimu, ingawa sauti yangu bado ni ndogo.

Nilitaka kukuandikia salamu za Mama, lakini amekataa. Ameninyang'anya kalamu na jasho linamtoka, kwa hiyo naishia hapa nimpe nafasi.

Dadako,
Jerusa

KEPHER NI MIMI MAMA