Mzaramo Aliyeachiwa Barua za Mnyamwezi

Mtani wangu Mwalimu Maganga,

Shikamoo. Leo nakupa bure, maana huwezi kuiitikia kwa maringo kama ulivyozoea, ukiivuta ile marahaba mpaka najiona mtoto wa chekechea. Hali sikuulizi. Nasikia huko hakuna malaria wala kukatika kwa umeme. Sisi wa Cheyo, hapa Tabora, bado tunavyo vyote viwili.

Ni mimi Kondo, dereva aliyefika Lusaka, Bujumbura na Lubumbashi, ambaye mama ntilie wa njia nzima wanaijua honi yake. Ndiyo, shule niliishia darasa la sita. Hilo ulilitangaza mwenyewe mpaka Igunga, kwa hiyo nikikosea humu usijifanye umeshtuka.

Unakumbuka ulivyokataa kutuma mashairi kwa simu? Ulisema simu inayaondoa maneno jikoni kabla hayajaiva. Basi nikawa naondoka na bahasha zako kwenye lori. Ya Padri Anselmi, yule mstaafu wa karibu na Kipalapala, mliyebishana naye miaka kama wake wenza. Ya Masanja wa Igunga, mwanafunzi wako wa zamani, mwalimu wa asubuhi na mchunga ng'ombe wa jioni. Ya mhariri wa Dar es Salaam, ambaye mligombana naye msimu mzima kwa sababu ya mkato mmoja. Na ya Dafroza wa Ulyankulu, mwanafunzi wako wa mwisho. Babu zako walibeba pembe kwa miguu mpaka pwani kwa babu zangu, halafu mimi Mzaramo nikageuka mpagazi wako. Ulifurahi sana kuhusu hilo. Nilikuona.

Sasa nikupe habari.

Siku ya kukuzika nilifanya kazi yangu ya utani barabara, na wanaosema nilizidisha wana wivu. Nilivaa kofia yako na miwani yako, nikakalia kiti chako pale uani, nikatikisa mguu kama wewe, nikaanza kusoma barua za hewani na kusahihisha hata salamu zake. Mkeo Mama Regina, ambaye hakuwa ametoa sauti tangu ulipokata roho, alicheka mpaka wenzake wakamshika. Halafu akalia. Akalia vizuri, kile kilio kinachomtoa mtu mzigo. Mimi nikasimama na kutangaza: "Maganga ameniachia barua zake. Anayemwandikia yeye, kuanzia leo ananiandikia mimi." Wanyamwezi wakaangua kicheko, wakanipa jogoo, ada ya mtani aliyeziba njia, nikaachia jeneza lipite.

Ila mtu mmoja hakucheka. Dafroza alikuwa amesimama nyuma kabisa. Wazazi wake walitoka Burundi, yeye kazaliwa Ulyankulu, na nyumbani kwao hawazikani kwa mizaha. Maskini ya Mungu, alidhani ule ni wasia.

Mahindi yalipokuwa yanaanza kukauka akanijia Cheyo na bahasha. Akanieleza kwamba mhariri anakitaka kitabu chake cha mashairi, lakini wewe ulimwambia asikitume mpaka umjibu shairi la mwisho. Ukafa hujamjibu. Nikalisoma, kidole chini ya mstari. Anaeleza baba yake alivyong'oa visiki kwa mikono, tumbaku ya kwanza ilivyonuka bandani, kaburi la bibi yake pale nyuma ya nyumba. Kisha anakuuliza wewe, mzaliwa wa hapa, kama anaruhusiwa kupaita pale "kwetu", au anaazima tu jina la watu. Akaniambia taratibu, "Mzee Kondo, usiponijibu kitabu sikitumi. Siwezi kuandika kwetu halafu niambiwe si kwetu."

Nikamwambia nitajibu. Mtani, mimi! Mimi ambaye mizani ninazozijua ni zile za kupimia lori!

Nilimpelekea Padri Anselmi. Akasoma, akavua miwani, akasoma tena bila miwani, akasema swali aliloulizwa Maganga haliwezi kujibiwa na mtu wa Kilimanjaro kama yeye. Akanipa papai, akaniombea. Nikampelekea Masanja. Huyo alijaribu kweli, na ubeti wa kwanza ulinisisimua, ila ulipofika wa pili ng'ombe wake walikuwa wameshaingia na hawakutoka tena. Mwisho nikaenda kwa Mama Regina. Alikuwa anachambua mchele, wala hakuinua kichwa. "Kondo, kamwambie ukweli," alisema. "Na umwambie uso kwa uso, usijifiche kwenye simu."

Nikaliacha lori Tabora, nikakodi bodaboda, mvua ikatuchapa, tope likatuvika nguo mpya. Nilifika Ulyankulu nafanana na chungu kibichi. Nilimkuta Dafroza barazani na mama yake na majirani, wanapukuchua mahindi. Nikasema yote. Kwamba ule ulikuwa utani wa msibani, kwamba hukuniachia chochote, kwamba sijui vina na sitavijua.

Hakunilaumu. Hicho ndicho kilichoniumiza. Aliitoa ile karatasi yake kwenye bahasha, akaanza kuikunja ndogo, ndogo zaidi, kama mtu anayefunga duka. "Kwa hiyo hakuna wa kunijibu," alisema.

Maganga, unanijua. Nimewahi kumpigisha soga askari wa mpakani mpaka akasahau kunipekua. Siku ile niliacha soga. Nikatazama chini, nikamwona kuku mweupe anadonoa punje miguuni pangu. Nikamkamata. Nikamwambia Dafroza, "Wewe umezaliwa hapa, wewe ni Mnyamwezi. Mnyamwezi ni mtani wangu. Kuku huyu ni wangu, na huna pa kunishtaki."

Majirani wakaanza kucheka. Mama yake akauliza kwa Kirundi kuna nini, mbona mzee wa watu anaiba mchana. Dafroza akabaki na gunzi mkononi, macho yamemtoka. Mzee mmoja Mnyamwezi, jirani yao, akamwambia asikasirike, utani ndivyo ulivyo, kwani angekuwa mgeni nisingemgusia kuku wake, ningemwomba kwa adabu na kushukuru.

Dafroza alimtazama yule mzee. Akanitazama mimi, na tope langu, na kuku. Kisha akasema, "Mzaramo huyu nazi zimemwishia huko kwao, sasa kaja kutuibia kwetu."

Ulilisikia neno hilo la mwisho? Mimi nililisikia. Yeye naye alilisikia, maana alishika mdomo. Halafu akacheka, mwanangu yule, akacheka huku machozi yanamdondokea kwenye mahindi, na mama yake, ambaye hata hajaelezwa vizuri, akaniletea kamba ya kumfungia kuku miguu.

Karatasi akaikunjua, akailaza gotini na kuinyoosha kwa kiganja. Nikaondoka na kitabu chote, nimekivika nailoni mbili, na safari iliyofuata nikakifikisha Dar mkononi mwa mhariri. Shairi la swali Dafroza kaliweka mwanzo kabisa. Jibu hajaliandika. Anasema anayetaka kujibu ajibu. Mhariri amemwandikia kwamba kitabu kitachapwa, na tayari wameanza kugombana kuhusu mikato, kwa hiyo ona, kazi inaendelea. Padri na Masanja nao wanamwandikia, wanachokozana kwa heshima kama enzi zako, na mpagazi ni yuleyule. Mama Regina anakula vizuri. Jioni huwa ananiomba nimwigizie unavyotikisa mguu.

Mimi? Mimi mzima. Ila nikipita kwako, nilikozoea kuchukua bahasha, huwa nasahau, napiga honi ili utoke nayo.

Basi pumzika, Mnyamwezi wangu. Kitabu cha Dafroza kikitoka, nakala ya kwanza nitaileta kaburini kwako mimi mwenyewe. Nitakaa chini, nitakusomea ukurasa kwa ukurasa, kidole chini ya mstari, kwa kisomo changu hikihiki, nikipita vituo vyote bila kusimama. Utalala hapo unasikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu tujuane hutanisahihisha.

Mtani wako asiye na mfano pwani wala bara,
Kondo