Minazi Saba ya Upande wa Bahari

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, Msambweni. Jumatatu, 13 Mei 2024, saa tatu na nusu asubuhi.
Jina: Muhsina Ishak. Umri: miaka 23. Kazi: karani katika ofisi ya wakili. Makazi: Ukunda.

Kabla ya yote naomba kila neno nitakalolisema lifichwe. Afande amenieleza kwamba hakimu atayasoma maelezo haya, na hilo nimelikubali. Ninachoomba ni yasifike Ukunda kabla ya kufika mahakamani, kwa sababu mwajiri wangu anadhani niko hospitali, naumwa jino.

Bi Mwanarusi, mnayemshikilia hapa, ni mpishi wa hoteli moja ya Galu. Nilimjua mwezi wa Januari alipokuja ofisini kununua nyumba iliyoachwa ukiwa hapa Msambweni, karibu na bahari, ili aikarabati na kuwapangisha wageni. Muuzaji alikuwa Bi Ummulkheir wa Shimoni, aliyeirithi kwa babake. Hakuna aliyelala humo kwa miaka kumi na tisa.

Jumatatu, tarehe 5 Februari, saa nne asubuhi, Bi Ummulkheir alikuja peke yake kunipa habari za kuandikia mkataba. Alisema: "Andika, mwanangu, usisahau. Nyumba yangu, ardhi yangu, lakini ile minazi saba ya upande wa bahari si yangu. Ni ya mzee Mwinga. Baba yake aliipanda kwa idhini ya babangu." Mimi ni mtu wa pwani. Najua kwamba ardhi yaweza kuwa ya huyu na mnazi ukawa wa yule. Nikaandika hivyo katika kifungu cha sita.

Mwajiri wangu, wakili Harrison, ambaye ni mtu wa bara, alikisoma akacheka. "Muhsina, mti uko kwa shamba, si ni wa mwenye shamba? Toa hiyo maneno. Mnunuzi akiona hivi atatoroka."

Nilikitoa. Kesho yake wote wawili walitia sahihi. Bi Ummulkheir alikuwa amesahau miwani, kwa hiyo mimi ndiye niliyemsomea mkataba. Sikumwambia kwamba maneno yake hayamo.

Tangu siku hiyo nilikwenda kuitazama nyumba kila Jumamosi. Hakuna aliyenituma. Mara ya kwanza paa lilikuwa limeanguka, na mpapai umeota katikati ya chumba cha kulala, una mapapai mawili. Bi Mwanarusi aliushika shina akasema, "Mpangaji wangu wa kwanza huyu, na halipi!" Mwezi wa Machi fundi Chome alikwangua mavi ya popo sakafuni, na chini yake ikatokea saruji nyekundu, laini, haina hata ufa. Bi Mwanarusi alivua viatu akakimbia chumba hadi chumba. "Njooni mwone! Nyekundu! Nyekundu mpaka jikoni!" Mwezi wa Aprili nyumba iliezekwa makuti mapya, na kuta za matumbawe zikapakwa chokaa. Dirisha la chumba cha pili nimelipaka rangi mimi, kwa mkono wangu. Ijumaa hii familia ya watu watano kutoka Nairobi inakuja, wapangaji wa kwanza. Nyumba imekwisha, Afande, imekwisha kabisa, yamebaki mapazia tu!

Afande ameniambia nirudi kwenye minazi.

Mnamo Alhamisi, tarehe 9 Mei, saa tano kasoro dakika kumi asubuhi, simu ya ofisi ililia. Alikuwa Bi Mwanarusi. Nilimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Niko barazani na Chome. Minazi hii imeniziba bahari yote. Mgeni atoke Nairobi aje kutazama mashina? Chome ana msumeno tayari, lakini nimemwambia, ngoja nimuulize Muhsina, karatasi aliiandika yeye. Naweza kuikata?"

Bwana Harrison alikuwa amesimama mbele ya meza yangu. Aliniuliza ni nani, nikamwambia ni Bi Mwanarusi, na anachouliza. Akasema, "Msomee vile karatasi inasema."

Nilimjibu: "Ndiyo, Bi Mwanarusi. Karatasi inasema ni yako."

Alipiga kigelegele. Nami nilicheka naye.

Kufikia saa nane mchana minazi yote saba ilikuwa chini. Jumamosi asubuhi Mwinga alikuja kuangua nazi zake, kama afanyavyo kila baada ya miezi minne. Chome alinipigia simu kabla sijatoka nyumbani. "Muhsina, mzee amekaa juu ya gogo. Bi Mwanarusi anamwambia, 'Baba, mimi nina karatasi.' Naye anamjibu, 'Nami nilikuwa na minazi.'" Jioni hiyo Bi Mwanarusi alikamatwa kwa kuharibu mali ya mtu kwa makusudi. Nasikia kesho atafikishwa mahakamani.

Jana Bwana Harrison aliniambia, "Ukiulizwa, hiyo kifungu hukuwahi kuisikia." Nimekuja na nakala ya kwanza ya mkataba, yenye kifungu cha sita na tarehe. Nilikuwa nimeiweka katika droo ya meza yangu.

Bi Mwanarusi aliuliza kabla ya kukata. Mimi ndiye niliyemjibu, na jibu la kweli nilikuwa nalo.

Niliyoyaona na niliyoyatenda ni hayo. Nimeyasema kwa hiari yangu.

Sahihi: M. Ishak

Nimeyaandika mimi, Konstebo Faith Kanze, nikamsomea shahidi, naye akakubali kuwa ni sahihi. Nimepokea kutoka kwake mkataba wa kurasa tatu. Saa tano na robo.

Nyongeza, kwa ombi la shahidi: Mkinihitaji, msipige simu ya ofisi, wala msimtume askari wa sare Ukunda. Kuanzia leo jioni nitakuwa Shimoni kwa dada yangu Yusra, mwenye duka la vitambaa karibu na msikiti. Ulizeni dukani, mlango wa kijani. Akitaka kujua ninyi ni nani, mwambieni tu ni polisi. Yeye nimekwisha kumweleza yote.