Sahani ya Bi Mgeni

Jumanne, 9 Agosti 1988
Siku ya nane ya kutembea. Nimetoka baada ya sala ya alfajiri, nimerudi jua limeanza kuchoma. Mtopanga hadi kona ya njia ya Mwakirunge, kisha nyumbani. Jasho tele, buibui limenigandama mgongoni. Uchovu sikuusikia. Miguu ina ganzi kuanzia vidoleni hadi vifundoni. Naitazama inavyokwenda kama ya mtu mwingine.

Daktari alisema saa nzima kila siku, na kilo kumi zitoke, la sivyo sukari itaula mguu. Amemwambia nani asiyejua? Mume wangu alikatwa wake kabla hajafa, na kile kigutu nikikiosha mimi. Magongo yake bado yako nyuma ya mlango.

Jumatano, 10 Agosti
Nimeulizwa niendako mara tatu, na njia yenyewe fupi. Kwetu mwanamke hatembei tu. Huenda sokoni, huenda arusini, huenda matangani. Nami ndio kwanza nimetoka eda. Miezi minne na siku kumi ndani, nikala kila kilicholetwa, nikafika kilo tisini na sita. Sasa kila asubuhi nimo njiani mikono mitupu. Jibu wamekwisha kujipa: mjane anatafuta mume.

Eti mume. Na miguu hii.

Ijumaa, 12 Agosti
Nimepata dawa ya midomo yao. Nimechukua sahani kubwa, nikaifunika kawa, nikaishika kwa mikono miwili. Ndani hamna kitu. Jirani yangu Rukia alikuwa akifagia mlangoni pake, na Rukia hapitwi na jambo.

"Shoga, wapeleka wapi asubuhi yote hii?"

"Kwa mgonjwa."

"Mgonjwa gani?"

"Bi Mgeni. Jamaa ya marehemu, kule mbele."

"Mungu ampe shifaa."

Nikaitikia amin. Hakuna Bi Mgeni. Ni jina lililonijia mdomoni. Uongo wa kwanza tangu kutoka eda, na siku ya Ijumaa.

Jumatatu, 15 Agosti
Mimi siulizwi tena. Anauliziwa Bi Mgeni. Ameamkaje, anakula, anasema? Nimejibu kwamba anakula kidogo. Sahani naibeba polepole, kama ina uji wa moto. Nimekuwa hodari wa jambo la kipuuzi.

Alhamisi, 18 Agosti
Balaa. Rukia amenisubiri njiani na mahamri manne na bakuli la mbaazi za nazi. Za Bi Mgeni. Kabla sijasema kitu amefunua kawa mwenyewe. Sahani tupu. Nikababaika, nikasema naenda kurudisha chombo chake. Alipanga vyakula vyake, akafunika.

Penye kona nikaketi juu ya jiwe nikala. Vyote. Kutupa chakula ni dhambi, nilijiambia, kama kwamba kusema uongo ni ibada. Utamu sikuuonja.

Jumanne, 23 Agosti
Tangu Alhamisi kila asubuhi kuna kitu. Mkate wa sinia, maandazi, kaimati. Rukia na majirani wengine wawili. Nami nakula jiweni, narudi na sahani tupu, nashukuru kwa niaba ya mgonjwa.

Leo zahanati. Kilo tisini na saba. Daktari akauliza kama natembea kweli. Nikamwambia wallahi natembea. Akaniambia nifumbe macho, anataka kunichoma nyayo kwa sindano. Nikafumba, nikangoja. Nikamuuliza mbona haanzi. Alikuwa amekwisha maliza.

Hofu ingefaa ije. Haikuja. Hata siku ya msiba hakikuja kitu. Watu walilia, mimi nikawa natafuta vikombe vya kutosha.

Jumamosi, 27 Agosti
Nilisahau kwamba kwetu mgonjwa hapelekewi chakula tu, hutazamwa. Rukia amesema Jumatatu twende pamoja. Nikasema Bi Mgeni amekatazwa watu.

"Kakatazwa na nani? Twakaa kidogo, twamsomea Yasini, twaondoka."

Nimeshinda nikifikiria kumuua Bi Mgeni. Nimeacha. Akifa watataka kumzika.

Jumatatu, 29 Agosti
Nimefika kona na nikaipita. Rukia nyuma yangu, peke yake. Wale wawili amewaambia wabaki, sikujua kwa nini. Malori ya mawe yanapita, vumbi hadi kinywani. Kila nyumba nasema bado, mbele kidogo. Nyumba zikaanza kwisha.

Ndipo Rukia akasema, "Shoga, simama. Wachuruzika damu."

Nikatazama. Champali ya kushoto imelowa. Kigae cha chupa kimepenya soli na kuingia mguuni. Nyuma yetu alama nyekundu kwenye vumbi, hatua kwa hatua, mpaka pale njia inapopinda. Sijui nilikikanyaga wapi. Rukia akaniketisha chini, akakichomoa, akanifunga kwa mtandio wake. Kigae kirefu kuliko kidole gumba. Nilikuwa natazama tu.

"Nyumba yake ni ipi, tukaombe maji?"

Nikamwambia. Hakuna Bi Mgeni. Mgonjwa ni mimi, nina sukari, nimeambiwa nitembee.

Nilidhani atacheka. Hakucheka. Akasema, "Mimi nalijua tangu siku ile ya sahani tupu kwamba hakuna mgonjwa. Nikadhani huna kitu ndani, wenda kuomba huko usikojulikana. Nikaona nikikupa kwa jina la mgonjwa hutaona haya kupokea. Na leo nimekuja nijue waomba wapi, nikurudishe."

Mahamri yote yale yalikuwa yangu tangu mwanzo. Nimwambie nini mtu kama huyu?

Jumanne, 30 Agosti
Mguu umesafishwa, umefungwa. Nisiukanyage. Daktari amesema ukioza watakata. Rukia alikuwepo akasikia. Aliona aibu juu ya mbaazi zake, nikamwambia aliyekula ni mimi.

Jumamosi, 3 Septemba
Umevimba. Una harufu. Harufu hii naijua.

Nimemwomba Rukia aondoe magongo nyuma ya mlango. Ameyapeleka kwake bila kuuliza. Kwake, kutouliza ni kazi kubwa.

Ijumaa, 9 Septemba
Wamekuja kunitazama. Wamesoma Yasini. Wameleta sahani zimefunikwa kawa, na chini yake samaki wa kuchoma na mchicha. Hakuna wali, hakuna nazi. Rukia amewaambia kila kitu, mtaa mzima unajua, na hakuna aliyenicheka mbele yangu. Mmoja aliuliza Bi Mgeni anaendeleaje. Nikamwambia anakula kidogo. Wakacheka, nami nikatoa sauti ya kucheka.

Uvimbe umeshuka kidogo. Nimeandika tu. Furaha haipo.

Jumatatu, 19 Septemba
Kidonda kimefunga. Daktari amesema mguu umesalimika, lakini champali basi, nivae raba, na kila nikirudi matembezini nyayo zikaguliwe kwa macho na mikono, maana zenyewe hazitasema. Kilo tisini na mbili.

Nimejaribu kuzikagua mwenyewe. Tumbo halinipi nafasi.

Jumatatu, 3 Oktoba
Rukia amebisha hodi baada ya alfajiri. Mkononi sahani, juu yake kawa. Nikamwambia sili mahamri tena. Akafunua. Tupu.

"Haya, twende tukamtazame mgonjwa."

Tumekwenda mpaka kona, polepole, tukarudi. Alinikalisha barazani, akanivua raba, akauweka mguu wangu wa kushoto mapajani mwake. Akaupapasa wote, kisigino, unyayo, katikati ya vidole. Mikono yake sikuihisi. Niliiona tu, ina unga wa ngano kwenye kucha, na haina haraka.

Akasema huu mzima.

Nililia. Kwa mara ya kwanza tangu mume wangu afe, na bila kujua chozi limeanzia wapi. Rukia hakuuliza. Aliomba mguu wa pili, nikampa.