Nne Yenye Pembe

Roma, 4 Februari 1956

Baba mdogo Gaspare,

Shikamoo. Sisi wazima, baridi tu ndiyo inatukomesha. Mgongo unaendeleaje?

Kitabu changu cha historia ya manowari zetu nzito kimefika kwenye Montalbina, meli aliyofanyia kazi marehemu baba. Mkataba wa mataifa uliruhusu manowari ya tani elfu kumi tu. Kumbe ilikuwa na elfu kumi na mbili! Kabla wageni hawajaja kukagua, namba za kina pale omoni, mbele ya meli, zinazoonyesha imezama kiasi gani, zilipakwa upya, juu zaidi kwa shubiri nzima, ili maji yaguse namba ndogo.

Jaladani nimekuta barua isiyo na jina: “Ermete anawauzia Waingereza siri ya uzito.” Ndiyo iliyomfukuzisha baba kazi, akafa akiitwa msaliti. Kwenye tarehe mwandishi ameandika nne yenye pembe, kama zile namba zinazopakwa melini. Wapaka namba mlikuwa wangapi?

Mwanao,
Fulvio

La Spezia, tarehe ishirini na nne Februari

Fulvio mwanangu,

Marahaba. Mgongo unauma, lakini nakula. Jirani kaniletea supu ya maharage na ngano, nikamaliza sufuria.

Tulikuwa wengi bwana, wengine nimesahau hata sura. Yaliyopita si ndwele. Achana na majalada, oa!

Baba mdogo wako,
Gaspare

Roma, 27 Februari

Baba mdogo,

Shikamoo. Tangu utoto wangu unaandika tarehe kwa tarakimu. Safari hii maneno! Unaogopa nini?

Nimeuliza: mlikuwa wawili, na mwenzako hakujua kuandika. Kitabu kinachapwa mwezi wa nne. Bila shahidi, wakubwa wa jeshi la majini hawataniruhusu kumsafisha baba, na mama atazikwa akiitwa mke wa msaliti.

Mwanao,
Fulvio

La Spezia, 20 Machi

Fulvio,

Usiniulize hali. Ni mimi.

Kaka alikataa namba zisogezwe, akasema atapiga kelele hadi kwa waziri. Msimamizi akaniita: ama niandike, ama tufukuzwe wote wawili. Nilidhani watamhamisha tu. Niliogopa, mwanangu.

Ungamo nimelitia sahihi, limo humu. Lichape. Ila mama yako usimwambie kabla ya Pasaka. Miaka yote hii ananipakulia mimi kwanza.

Gaspare

Roma, 24 Machi

Baba mdogo,

Nimelipokea, na limeshafika kwa mchapaji.

Mama sijamwambia. Anakungojea Jumapili ya Pasaka, keshanunua mwanakondoo. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako, kabla hajakupakulia. Nami nitakuwepo.

Fulvio,
mwana wa Ermete