Nilivyowafukiza Nzi wa Dokta Asya

Alhamisi, 13 Novemba. Mvua nyembamba tangu alfajiri, upepo hakuna. Nguo nilizoanika jana bado mbichi.

Leo namdharau mkuu wetu wa kituo, na nafsi yangu naidharau zaidi. Naandika kwa mpangilio, kama ninavyoandika joto la chumba kila asubuhi.

Dokta Asya, mtoto wa Tumbatu, ametumia miaka kumi na miwili kwa jambo moja: jeni inayoongoza mishipa ya fahamu, nzi akiwa bado buu, mpaka ifike kwenye jicho. Aliposoma ng'ambo aligundua ukoo wa nzi wa matunda ambao mishipa yao hupotea njia. Alipoondoka, wenzake wa kule waliutupa. Uliobaki duniani ni ule aliorudi nao kwenye vichupa. Akachagua chumba chetu cha Mji Mkongwe kwa sababu kuta zake nene hazipitishi joto. Mimi, mwenye cheti cha kidato cha nne, ndiye ninayewalisha: ndizi, unga wa mahindi, hamira.

Mkuu hajapata kuingia chumba hicho. Husimama mlangoni, leso puani. "Mtu kasoma mpaka Ulaya, karudi kufuga nzi!" humwambia kila mgeni, akacheka peke yake.

Leo walikuja wafadhili. Dokta alikuwa mkutanoni Kendwa. Saa mbili asubuhi nikasikia naitwa.

"Bi Rukia!"

"Naam."

"Mnanuka ndizi mbovu humu. Fukiza udi, wageni wasije wakadhani twapika pombe."

"Na nzi, bwana?"

"Kwani nzi wana pua? Fukiza."

Mkuu wa kituo cha utafiti anauliza kama nzi wananusa.

Nami, ninayejua, nikafukiza.

Niliweka chetezo chenye makaa ya moto chini ya rafu ya vichupa, kama tunavyofukiza nguo za harusi, nikazima kiyoyozi, nikafunga mlango na dirisha ili udi ushike. Kipimo cha joto kilikuwa mbele ya macho yangu. Kwa nini chini ya rafu? Ndivyo mkono wangu ulivyozoea.

Wageni walichelewa. Walipofika walipiga picha kwenye ngazi, wakala sambusa, wakaondoka. Mlango wa nzi hakuufungua hata mmoja wao. Udi wote ule, kwa pua ambazo hazikuingia!

Nilipoufungua mimi, kipimo kilisoma nyuzi arubaini na moja. Nzi walikuwa wamelala chini ndani ya vichupa kama ufuta uliomwagika.

Mkuu alichungulia. "Andika umeme ulikatika, kiyoyozi kikazima. Nani atabisha? Mkataba wako unakwisha mwezi ujao, usijiharibie."

Hakika hakuna ambaye angebisha. Dokta angeamini kuwa chumba alichokichagua mwenyewe kimemsaliti, na angelibeba kosa letu katika kila hesabu atakayoifanya.

Nilikaa na daftari nusu saa nzima. Nusu saa! Nalo ni la kuona haya.

Mwisho nikaandika: "Saa 2:20 asubuhi. Chetezo cha udi chini ya rafu, kiyoyozi kimezimwa, mlango umefungwa. Rukia." Kisha nikaongeza: "Kwa amri ya mkuu."

Dokta alirudi saa tisa. Alisoma akiwa wima. Nilisubiri matusi.

"Udi gani?" akaniuliza.

"Wa harusi, Dokta."

"Basi angalau wamekwenda kwa heshima."

Hakucheka, wala mimi. Akavuta kiti, akashika lenzi, akaanza kukagua kichupa kimoja kimoja. Kwenye vichupa saba vya pembeni, mbali na makaa, mabuu walikuwa wameshajifungia kwenye maganda yao.

"Hawa hawajageuka weusi," akasema. "Kama wazima, watatoka; Jumatatu tutajua. Kesho njoo saa moja, tuwahesabu."

Mkuu akapita. "Bado mko na nzi tu?"

Dokta hakuinua kichwa. Sijapata kuona dharau safi kama ile. Yangu ina woga ndani yake.

Kesho saa moja nitakuwepo, mkataba ukiwepo usiwepo. Buibui langu linanuka udi. Nimelitundika nje, huko huko kwenye mvua.

Nimeongeza asubuhi: usingizi ulinipata saa saba na robo usiku.