Festus, Mtu wa Kumi

Nkatha, acha kila kitu usome. Festus ametuaibisha hapa chuoni!

Tuliingia kuota joto tu. Mlangoni kuna rabi kijana, leo ndiyo siku yake ya kwanza kukusanya wanafunzi Wayahudi kwa sala ya alasiri. Anauliza kila mwanamume, "Wewe ni Myahudi?" Festus, unajua utundu wake, akajibu, "Tangu enzi za Musa!" Nilicheka mpaka meno ya bandia yakachomoka.

Rabi akamkumbatia. Akamkumbatia huku analia, Nkatha! "Mzee, wewe ndiye wa kumi!"

Kumbe dua yao ya marehemu haisomwi bila wanaume kumi wa Kiyahudi. Na kuna mwanafunzi, Noam, amefiwa na babake majuzi. Anasubiri tangu saa sita.

Noam alipofungua kitabu, Festus akakiri, "Ngoja, mwanangu. Mimi ni Mmeru wa Nkubu, kule Kenya. Nilikuwa natania."

Noam akafunga kitabu polepole. Hakumtukana. Afadhali angemtukana.

Sasa Festus yuko mlangoni, na miaka yake sabini na miwili, anashika vijana mikono: "Wewe ni Myahudi? Tafadhali, wewe je?" Rabi amesimama kando yake, anamwambia, "Paza sauti, mzee."

Jua la Toronto likizama, wakati wa sala hiyo umepita, basi tena. Nkatha, yule daktari Myahudi wa hospitalini kwenu ameshatoka kazini? Mkimbilie hata kwenye lifti. Mwambie tunahitaji mmoja tu.